Makopo Manne ya Mchele

Jumatano. Mvua ilianza saa saba mchana. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni na haijaisha, imechoka tu. Mabati bado yanalia. Watoto wako chumba cha ndani, kimya kuliko kawaida yao.

Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu mwezi uliopita niliweka jambo hapa hapa, watu wakalisoma, wengine wakalifuata, na jambo lenyewe halikuwa kweli. Sikujua. Lakini kutojua kwangu hakumshibishi mtu.

Kwa anayefika leo: mimi ni baba wa watoto watatu, nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Kisangani. Mke wangu ni Mama Furaha. Tunapanga vyumba viwili katika lupango la watu, Kabondo: nyumba nne, choo kimoja, na mlango mmoja wa bati unaopiga kelele kila ukifunguliwa. Huo mlango nitaurudia.

Tunatafuta kutoka humo. Kuna kiwanja upande wa barabara ya Kapalata, mita ishirini kwa ishirini na tano, na mwenyewe anataka nusu ya bei kwanza. Jumamosi hii nilipaswa kumpelekea nusu yake. Ndiyo sababu ya hesabu zote mlizosoma humu: sukari, sabuni, mafuta, mchele. Kila faranga niliyoiokoa jikoni ilikuwa tofali.

Nitasema pia ninakotoka, ili nisionekane mtu wa roho mbaya tu. Nilikuja toka Kindu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikakaa kwa tonton wangu, ndugu ya mama. Kwa tonton, watoto wa nyumba walipakuliwa kwanza. Mimi nilisimama karibu na mlango nikihesabu vipande vya samaki vikitoka kwenye sufuria. Vikiwa saba na sisi ni wanane, nilijua mapema ni nani atakula mchuzi. Watu husema nina kichwa cha hesabu. Hicho kichwa sikukipata shuleni, nilikipata kwenye ile sufuria.

Baadaye nilibeba watu miaka sita kwenye toleka, nikikanyaga baiskeli isiyo yangu, kila jioni nampelekea mwenyewe pesa yake hata siku ambayo matako yalikuwa yamechubuka na mfuko ni mtupu. Nikanunua yangu. Nikanunua ya pili. Nikauza zote mbili, nikaweka meza ya minyororo na mipira ya ndani. Leo nina duka lenye kufuli mbili. Hakuna aliyenipa hata spoku moja.

Siku nilipooa niliapa jambo moja tu: mtoto wangu hatasimama mlangoni kwa mtu akihesabu vipande.

Bon. Tuje kwenye hesabu.

Miezi mitatu iliyopita nilimnyang'anya Mama Furaha kikapo cha soko. Nasema "nilimnyang'anya" kwa sababu hapo kwanza niliandika kwamba "tulikubaliana", na hatukukubaliana. Pesa ya chakula ilikuwa inaisha kabla ya mwezi kufika tarehe ishirini na tano, na kila nilipouliza, alinijibu kwa kufungua mikono mitupu. Dukani kwangu najua kila nati iko wapi. Nyumbani kwangu hakuna aliyeweza kuniambia kopo la mchele limekwenda wapi. Nikaona nyumba inavuja, na mimi ndiye fundi.

Basi nikawa naenda soko mwenyewe, jioni, nikitoka duka. Wamama wa soko walifurahi sana kuniona.

"Eh, papa na kikapo! Bibi amekufa ao amekutoroka?"

"Hapana, mama. Anapumzika."

"Anapumzika! Wamama, mumusikie! Kuko mubwana anapumzishaka bibi! Iko na ndugu yake?"

Nilicheka nao, nikawapita, nikanunua kwa yule mwenye bei ndogo kuliko wote. Kila siku mwingine. Mama Furaha alikuwa na muuzaji mmoja wa mchele kwa miaka minane, na mimi niliona huo ni uvivu: mtu anayemjua muuzaji mmoja hajui bei. Sikuona kwamba yeye kopo lake lilijazwa mpaka mchele ukafanya mlima, na juu ya mlima akaongezewa ngumi moja ya matabishi. Mimi kopo langu lilikatwa kwa kidole, sawasawa na ukingo. Nilishinda kwenye bei, nikapoteza kwenye mlima, na katika daftari mlima hauna mstari wake.

Nikaweka sheria. Sukari inaingia kwenye birika, si kwenye kikombe. Mche wa sabuni unakatwa vipande vitatu, kinatoka kimoja kimoja. Chai asubuhi, chakula kimoja saa kumi na moja jioni nikiwapo, katikati hakuna kitu. Mtoto akitoka shule saa saba atangoja. Mimi nilingoja zaidi ya hapo.

Na moto.

Hili la moto nililiandika kwa majivuno. Katika lupango letu, mtu anayewasha mbabula, jiko letu la makaa, kwanza huwagawia wengine. Jirani anakuja na kipande cha bati, anachukua makala mawili matatu, makaa yaliyoshika moto, anakwenda kuwasha yake. Ndivyo ilivyo toka zamani, na hakuna anayeshukuru, kama vile mtu hashukuru kwa kupewa njia ya kupita. Kila jioni, mke wangu akishawasha, Mama Zaituni alikuja na bati lake.

Mama Zaituni ni mjane. Anatoka katika zile familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, wale watakaokuambia babu wa babu yao alifika hapa na misafara ya biashara, kabla ya barabara, kabla ya kila kitu. Anauza mikate ya kukaanga kando ya njia kabla jua halijatoka, na mchana anarudi kulala na kupika. Sauti yake inafika barabarani. Anakaa peke yake, na anapika kama kuna harusi.

Nilipiga hesabu ya bati lake. Makala matatu kila jioni, tuseme faranga mia. Kwa mwezi, elfu tatu. Nikamwambia Mama Furaha amwambie basi. Akasema, "Ni wewe umeona, umuambie wewe." Nikamwambia mimi. Alikuwa amesimama na bati mkononi.

"Mama Zaituni, makala imepanda bei."

Akatazama bati. Akatazama mbabula yetu, nyekundu kabisa. Akasema, "Imepanda kweli," akarudi kwake.

Wiki hiyo hiyo niliandika humu juu ya watu wasiojua kupima. Sikutaja jina. Niliandika: *jirani yangu, mtu mmoja, sufuria ya watu wanne.* Mlicheka sana. Nilihesabu alama za kucheka.

Sasa mchele. Kabla yangu, nyumba ya watu watano ilikuwa inapika makopo sita kwa siku. Mwezi wa kwanza nilishusha hadi matano, nikingoja malalamiko. Hakuna aliyelalamika. Watoto waliacha hata kidogo kwenye sahani. Nikashusha hadi manne. Bado waliacha. Mnakumbuka nilivyoandika? *Tumbo linafundishika. Njaa nyingi ni mazoea.* Kopo ni faranga mia saba. Mwezi mmoja wa kopo moja, elfu ishirini na moja. Miezi miwili ya makopo mawili, elfu themanini na nne. Jumla laki moja na elfu tano, toka kwenye sufuria moja, bila mtoto kulia. Nilijiona profesa.

Mambo mawili tu yalikuwa yanakataa kuingia kwenye hesabu. Mfuko wa makala uliokuwa unamaliza siku ishirini na moja, tangu tulipoacha kugawa moto, unamaliza kumi na tano. Na mche wa sabuni uliokuwa wa wiki mbili, sasa siku tisa. Nilimwita Mama Furaha.

"Makala inaenda wapi?"

"Inawaka."

"Na sabuni?"

"Inafua."

Nikaandika daftarini: *kiburi*. Neno hilo liko pale mpaka leo, kwenye safu ya matumizi. Nimelitazama sasa hivi.

Leo mvua ilipopiga, mfereji mbele ya duka ulijaa, maji yakaanza kuingia, na hakuna mtu anayenunua mnyororo kwenye mvua kama ile. Nikafunga saa nane. Ni mara ya kwanza katika miezi mingi kurudi nyumbani mchana. Nikasukuma mlango wa bati. Ukalia.

Barazani kwa Mama Zaituni, chini ya mabati, kulikuwa na sinia kubwa: fufu, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nyekundu kwa mawese. Kuzunguka sinia walikaa watoto wangu. Mervei, wa miaka mitano, ambaye hajajifunza bado kuficha, alinipungia mkono umejaa fufu, "Papa!" Joeli, wa minane, aliacha kutafuna. Na Furaha, mkubwa wao, wa kumi na mmoja, alipeleka mkono nyuma ya mgongo.

Haraka. Bila kufikiri. Kama mtu anayefunga macho vumbi likija.

"Ah, Papa Furaha!" Mama Zaituni hakuinuka. "Mvua imekufungia duka? Kuya, ikala. Fufu ingali moto."

Nilikuwa nimelowa, na badala ya kusalimia nilisema, "Batoto banafanya nini hapa?"

"Banakula. Ao kwako kukula iko na jina ingine?"

"Tunamusaidia tu, papa," Furaha akasema. Sauti ndogo. Mkono bado uko nyuma. "Tunamuponda sombe."

"Ni kweli," Mama Zaituni akasema. "Ni bafanyakazi yangu. Huyu mukubwa anapondaka, huyu analetaka maji. Na huyu," akamgusa Mervei kichwani, "huyu ni shefu, anaangaliaka tu."

Watoto hawakucheka. Nilielewa kwamba siku nyingine huo mzaha unawachekesha sana, na leo haukuchekesha kwa sababu nilikuwa nimesimama pale.

Furaha akageuka kuchukua mfuko wake wa shule, na nikaona mgongo wa blauzi yake nyeupe. Palikuwa na alama ya vidole, mawese mabichi, ya sasa hivi. Chini yake palikuwa na nyingine, iliyofuliwa ikabaki manjano. Na nyingine tena, iliyofuliwa zaidi. Mahali pale pale.

Mlango ule hulia kwa kila mtu. Anaingia mpangaji wa nyumba ya tatu, unalia. Anaingia muuza ndizi, unalia. Na kila ulipolia, miezi hii yote, mtoto wangu alificha mkono wake, huenda ni papa.

Hiyo ndiyo sabuni.

Nikaingia ndani na, kama mjinga, nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nilipiga hesabu. Laki moja na elfu tano za mchele hazikuwa akiba yangu, zilikuwa fufu la mjane. Nikafungua kopo la pesa ya kiwanja, nikatoa hizo laki moja na elfu tano, nikavuka uwanja kwenye mvua. Watoto walikuwa wameshatawanyika. Nikampa.

"Hii nini?"

"Ya chakula. Miezi mitatu. Nimepiga hesabu vizuri."

Akazishika bila kuzihesabu, akazipima tu mkononi kama mtu anayepima unga.

"Donc nilikuwa na restora na sikujua!" Akacheka kwa ile sauti yake, peke yake. Halafu akaacha. "Papa Furaha. Nikikamata hii, kesho batoto batakuya hapa kama nani? Bakiliya ya restora?"

Nikazisukuma tena kwake.

"Beba. Enda nunua kiwanja yako. Siku mutahama mutanialika, nitakuya na sinia yangu." Akanirudishia mkononi, akanifunga vidole juu yake kama mtoto anayetumwa dukani. "Na sufuria yangu usinitilie tena mu telefone. Balinisomea, unajua. Mutu moja, sufuria ya batu bane. Niliwaza: huyu papa anajuaka kuhesabu kweli."

Wanne. Yeye, Furaha, Joeli, Mervei.

Alijua nilichoandika, na kesho yake akapika vile vile.

Mama Furaha alirudi toka bombani, akaona uso wangu, akaweka chini bidoni la maji polepole. Alichukua ungo, akaanza kuchambua mchele. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungeandika."

Ni kweli. Ningeandika.

Bila kuinua macho toka kwenye ungo, akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ya ndoa sijawahi kujiuliza. "Asubuhi wewe ukishatoka kwenda duka, moto ya chai ya batoto ilikuwa inatoka wapi?"

Sikujua. Mimi natoka saa kumi na moja na nusu, kungali giza. Wakati huo mbabula yetu ni majivu.

Ilikuwa inatoka kwa Mama Zaituni. Yeye huamka kabla ya wote kukaanga mikate, moto wake ni mkubwa, na kila alfajiri mke wangu alikuwa akienda na bati. Asubuhi tunachukua, jioni tunatoa. Mimi nilikuwa nyumbani jioni tu. Niliona kinachotoka, nikakiita uvujaji. Kinachoingia kiliingia nikiwa nimeshatoka.

"Ulipomunyima ya jioni," akasema, "niende kwake asubuhi na sura gani?"

Kwa hiyo hakwenda. Kila usiku alifukia makala kwenye majivu ili moto usife mpaka asubuhi, na makala yaliyofukiwa yanakula makala. Asubuhi nyingine yalikufa, watoto wakaenda shule bila chai. Nimepiga na hii pia, siwezi kujizuia. Mfuko ni elfu ishirini na tano. Kutoka siku ishirini na moja hadi kumi na tano, ni elfu kumi na nne na zaidi kwa mwezi. Ili kuokoa elfu tatu, nilichoma elfu kumi na nne.

Kumbe na faranga nazo zilinikataa. Lakini si faranga zinazonikalia kifuani.

Linalonikalia ni hili: Mama Zaituni hakuwaita watoto wangu wenye njaa. Aliwapa kazi. Alimpa Furaha mchi ili mtoto aseme "tunamusaidia" na asiwe mwongo. Mimi kwa tonton wangu nilisimama mlangoni miaka mitano, na katika mtaa mzima hakuna aliyenifikiria hivyo. Ningefikiriwa, labda leo ningekuwa mtu mwingine. Na nilipompata mtu wa namna hiyo, ukuta kwa ukuta, nilimnyima makala matatu.

Nina hasira pia, niseme ukweli. Nina hasira na mke wangu kwa kunyamaza, na hasira inapungua kila ninapokumbuka lile neno daftarini. Nina hasira kidogo hata na Mama Zaituni, kwa kukataa zile pesa. Angezichukua, ningelala.

Saa kumi na moja tulikula. Mama Furaha alipika makopo sita, hakuniomba ruhusa. Mervei na Joeli walionja tu, wakaacha, matumbo yao yamejaa. Furaha alikula yote. Alikula polepole, akinitazama kila baada ya tonge, akamaliza mpaka punje ya mwisho. Alikuwa ameshiba toka saa nane. Alikula ili sahani yake isiseme kitu mbele yangu.

Nilitaka kumwambia aache. Nilishindwa kupata maneno ambayo yasingekuwa sheria nyingine.

Sasa nyinyi mliosoma. Kuna mama mmoja aliandika chini ya yale makopo manne: *Asante papa, sisi ni sita na tumeshuka hadi matatu, na watoto hawalalamiki.* Nilimjibu, "Hongera." Mama, kama bado unapita hapa, nakuomba. Usiongeze wala usipunguze kitu leo. Toka tu kesho saa nane mchana, tembea mtaani kwako taratibu, uangalie watoto wako wanakula wapi. Sufuria ikianza kubakiza bila sababu, usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Mahali pengine kuna sufuria inayopungua.

Na yule niliyemwita mtu mmoja mwenye sufuria ya wanne, nimefuta. Najua kufuta hakuyatoi maneno masikioni mwa mtu. Nimefuta hivyo hivyo.

Nimemrudishia Mama Furaha kikapo. Nilimpa na daftari. Daftari alikataa. "Hii ubaki nayo, ni bugonjwa yako," akasema. "Kikapo ndiyo nilikuwa natafuta." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza leo, nikaogopa kulihesabu. Jumamosi nitakwenda kwa mwenye kiwanja kumwomba mwezi mmoja. Si kwa sababu pesa imepungua, ipo yote. Ni kwamba sijui tena ninakimbia nini katika lupango hili. Akikataa, kuna viwanja vingine. Jirani sina uhakika.

Jioni hii, Mama Furaha alipowasha, nilifikiria kubeba moto mwenyewe kumpelekea Mama Zaituni. Nilishaokota makala mawili. Halafu nikayarudisha. Kutoa tena! Kutoa ndiko ninakokuweza. Nikitoa, nasimama juu. Mchana nilimpelekea pesa nikiwa nimesimama juu, na ndiyo maana alinifunga vidole.

Kesho sitatoka saa kumi na moja na nusu. Duka litangoja. Nimetafuta kipande cha bati nyuma ya choo, nimekikunja pembeni kisinichome, nimekiweka karibu na mlango. Mama Furaha amekiona. Furaha naye amekiona. Ameuliza, "Papa, hii ya nini?" Nikamwambia, "Ya kuomba moto." Akanitazama muda mrefu, mikono yake yote miwili nje, juu ya magoti.

Alfajiri nitavuka uwanja. Mwanaume hachukui moto kwa jirani, lupango zima litaona, na watakuwa na la kusema mpaka Noeli. Nitasimama mbele ya mafuta yake yanayochemka na bati langu tupu.

Akiniambia makala imepanda bei, nitasema, imepanda kweli.

Na nitabaki nimesimama pale pale.